Bi Viwili na Nanga ya Pili

Pale gatini walimwita Bi Viwili, na waliompa jina hilo hawakuwa na nia njema. Boti yake ilikuwa na nanga mbili, pampu mbili, kamba ndefu mbili, taa mbili, na sanduku la bati lenye boliti, nati na pini za kutosha kufungulia duka. Wenye boti wengine walipita wakicheka.

"Bi Viwili, na mume je? Unaye wa akiba?"

"Ninaye mmoja tu," alijibu bila kuacha kazi. "Huyo hajawahi kuzama."

Kicheko kikawarudia wenyewe, maana hapakuwa na hata mmoja wao ambaye hajazamisha kitu. Huyu alizamisha injini, yule saruji ya watu, na yule wa mwisho alizamisha boti nzima pamoja na masufuria yake, kisha akaenda kuwasimulia watu kwamba mto ulikuwa na hasira. Bi Viwili alikuwa anaujua mto huo tangu utotoni. Hakuwahi kuuona ukikasirika. Alichokiona ni watu wavivu.

Hakuzaliwa na boti. Alianza kwa kuokota vipande vya kamba vilivyotupwa nje ya maghala, akiviunga kwa mkono, uzi kwa uzi, na kuwauzia walewale waliovitupa. Kazi hiyo ilimfundisha kitu ambacho shule haikumfundisha: mtu anayetupa kamba asubuhi na kuitafuta jioni hahitaji kuonewa huruma, anahitaji kupandishiwa bei. Kwa kamba hizo akanunua mbao. Kwa mbao akampata mume, seremala wa boti, mtu wa maneno machache aliyekuja kuulizia bei akakaa mpaka chai ikapoa. Wawili hao wakaunda boti yao wenyewe, pana, yenye tumbo bapa, ya kubeba saruji, mabati na nondo kutoka ng'ambo hii hadi ng'ambo ile. Daraja lilikuwepo, lakini lilikuwa la reli tu, na treni haimshushii mtu mfuko wa saruji mlangoni kwake.

Mume ndiye aliyeshika usukani na yeye ndiye aliyeshika vyuma. Kati ya nanga na mnyororo wake kuna pingu ya chuma, na pingu hiyo hufungwa kwa pini moja, nene kama kidole gumba. Boti ikisimama katikati ya mto, mzigo wake wote, watu wake wote na mkopo wake wote vinaning'inia kwenye pini hiyo. Bi Viwili aliitoa mara kwa mara, akaipapasa kwa ukucha, na akiiona imeanza kulika katikati na kuwa na kiuno, anaitupa. Kisha anaweka mpya na kuifunga kwa waya isijifungue. Wenzake waliita hiyo woga. Yeye hakubishana nao. Mtu anayedhani chuma hakichoki, mwache aulizwe na maji.

Mume akafa. Alikufa kitandani kwa maradhi, akiwa mkavu, na kwa mtu wa kazi ile hiyo ni heshima. Matanga yalipokwisha, ukoo wa marehemu ukaketi sebuleni kwake, kwenye viti vyake, ukigawana vilivyo vyake, kwa sababu leseni ya boti ilikuwa na jina la mume peke yake. Mgawaji alikuwa mjomba wa marehemu, mzee mnene wa sauti nzito, aliyewahi kugawa shamba la watu mpaka kila mrithi akabaki na mtaro.

Mjomba alikwenda kuikagua boti. Alirudi na uso wa mtu aliyeokota pochi barabarani.

"Kila kitu kiko viwili," akatangaza. "Nanga mbili, pampu mbili, kamba mbili. Mpwa wangu alikuwa na akili jamani. Alijua kuna siku ya kugawana."

Sebule nzima ikatikisa kichwa kwa kuistaajabia hekima ya marehemu. Bi Viwili alitazama vichwa hivyo vikitikisika, akafikiri kwamba hata maembe yaliyoiva hutikisika kwa sababu ya maana kuliko hiyo.

Boti, pamoja na kimoja cha kila kitu, ikapewa mdogo wa marehemu. Huyu alikuwa shemeji yake, kijana wa makamo ambaye gatini walimwita Kapteni Shati. Alikuwa ameshonesha shati jeupe lenye mistari ya dhahabu mabegani, na cheo chake kilianzia kwa fundi cherehani na kuishia hapohapo.

"Na mke wetu," akasema Mjomba, "mke wetu atachukua ile ziada."

"Mjomba, ile si ziada," akasema Bi Viwili. "Ile ni nusu ya pili ya boti."

"Nusu gani hiyo isiyoelea, mwanangu?"

Wakacheka. Kapteni Shati alicheka mpaka akalishika shati lisichomoke. Bi Viwili akapitisha macho sebuleni kutafuta mtu wa upande wake, akakuta yuko peke yake. Mtu aliye peke yake hapigi kelele, anabeba. Aliomba jambo moja tu: Mjomba atamke mbele ya wote kwamba ziada ni yake na hakuna wa kuja kuidai.

"Nani atakudai vyuma chakavu?" akasema Mjomba. Hata hivyo akatamka, kwa sababu alipenda kutamka.

Siku hiyohiyo mkokoteni ukaondoka na nanga ya pili, pampu ya pili, kamba, taa na sanduku la bati. Alitaka boti yake. Alikuwa amefunga kila boliti iliyomo, na aliitaka yote, kuanzia mbele mpaka nyuma. Lakini alijua haitarudi kwa machozi, wala kwa kikao kingine cha vichwa vinavyotikisika. Akangoja. Haikuwa subira ya mtu mwema. Ilikuwa subira ya mnunuzi anayeona bidhaa iko mikononi mwa mjinga, na anajua bei lazima ishuke.

Alipokuwa anangoja hakukaa bure. Alijenga kibanda cha mabati pembeni ya gati akaanza kukodisha ile ziada. Aliyeharibikiwa na pampu alikuja kwake. Aliyekatikiwa na kamba alikuja kwake. Walewale waliomcheka walisimama kwenye dirisha lake wakimwita dada, mama, bosi. Jambo la kwanza alilofanya kazi iliposhika ni kununua nanga nyingine, ili ile ya akiba nayo iwe na akiba yake.

Kapteni Shati naye alikuwa na kazi yake, nayo ilikuwa kupaka rangi. Boti ikapakwa bluu, usukani ukapakwa bluu, na alipoona rangi imebaki akapaka nanga, mnyororo, pingu na pini vyote kwa pamoja, juu ya kutu, tabaka juu ya tabaka, mpaka vikang'aa kama peremende. Abiria wa boti nyingine walipiga picha. Bi Viwili alivuka gati akaenda kumwambia, mara moja tu, kwa kuwa neno la bure halitolewi mara mbili.

"Shemeji, fungua hiyo pini uitazame. Tangu kaka yako afe haijabadilishwa."

"Shemeji," akasema Kapteni Shati, "angalia kibanda chako. Boti hii ina mwenyewe."

Fundi wa injini, ambaye alikuwa amerithiwa pamoja na boti, alikuwa ameinama pale karibu akijipangusa grisi. Aliinua macho, akaona hakuna anayemuuliza yeye, akainama tena.

Asubuhi ya tukio lenyewe Kapteni Shati alikuwa na mgeni. Alimwalika Mjomba aje aone jinsi urithi unavyostawi. Mzee akapandishwa botini na kukalishwa kwenye kiti cha plastiki, juu ya mifuko ya saruji, mwavuli mkononi, kama mkuu wa wilaya anayekagua gwaride. Mzigo ulikuwa saruji na mabunda ya nondo za mkandarasi mmoja wa ng'ambo. Boti ikaondoka ikipiga honi bila sababu.

Katikati ya mto propela ikameza kipande cha wavu kilichokuwa kinaelea, na injini ikazimika. Kwa kosa hili hakuna wa kumlaumu, nyavu humezwa na kila mtu. Fundi akavua shati, akachukua kisu, akasema anahitaji boti itulie ili aingie chini kukata.

"Nanga," akaamuru Kapteni Shati, akinyoosha mkono kwa namna aliyoiona mahali fulani.

Nanga ikaenda. Mnyororo ukafuata ukilia, ukakaza, boti ikatulia, Mjomba akapiga kofi moja la pongezi. Kisha pakasikika kitu kama mtu anayevunja kokwa kwa meno, na mnyororo ukalegea. Walipouvuta ulikuja mwepesi kama kamba ya kuanikia nguo. Mwisho wake palikuwa na nusu ya pingu na kipande cha pini, vyote vyenye rangi nzuri sana ya bluu.

"Iko wapi ya pili?" akauliza Mjomba.

Kapteni Shati akamgeukia mgawaji. Mgawaji akatazama mwavuli wake.

Mkondo ukaanza kuwashusha, taratibu, kuelekea nguzo za daraja la reli. Nguzo zile zilikuwa za mawe, pana kama nyumba, na zilikwisha kuzivunja boti zilizozigonga kwa ubavu, mbao kwa mbao. Kapteni Shati akafunga kamba kwenye mfuko wa saruji akautupa. Mfuko ulikuwa wa karatasi. Akatupa mwingine, labda huu utakuwa na akili zaidi. Kisha akauona mtungi wa gesi wa kupikia, chuma kitupu, kizito mkononi, akaufunga kamba akaurusha kwa nguvu zake zote. Mtungi ulikuwa hauna gesi. Ukaibuka, ukaelea, ukatangulia mbele ya boti kama mwenyeji anayewaonyesha wageni njia ya darajani.

Fundi ndiye aliyefunga kamba kwenye bunda la nondo na kulisukuma majini. Bunda likaburuta, likanasa, boti ikasita. Likachomoka, likanasa tena. Ilikuwa afadhali tu, haikuwa nanga.

Watu wa gatini walikuwa wameshaona yote. Bi Viwili aliona pia, tangu mtungi ulipoelea. Hakupiga mayowe. Alifunga dirisha la kibanda, akapakia nanga mbili na kamba zake kwenye kiboti cha mvushaji wa jirani, akaketi mbele.

"Twende, lakini usikimbie," akamwambia mvushaji. "Anayekimbia sokoni huuziwa ghali."

Wakafika. Mvushaji akakishika kiboti umbali wa kamba moja kutoka kwenye boti ya bluu, injini ikinguruma polepole.

"Shemeji, hujambo," akasema Bi Viwili.

"Tupa nanga!"

"Salamu kwanza. Mjomba, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," akasema Mjomba, amelikumbatia kiti. "Fanya haraka."

"Watu ni bure," akasema Bi Viwili. "Anayetaka kushuka ashuke sasa hivi, simdai chochote. Fundi, mlete Mjomba. Tunachozungumzia hapa ni boti."

Wakasogea, wakampokea mzee kama gunia, na mwavuli wake. Fundi alikataa kushuka, akasema akipewa boti iliyotulia atautoa wavu ule. Kiboti kikarudi nyuma hadi pale kilipokuwa.

"Sasa," akasema Bi Viwili. "Ninazo nanga mbili. Bei yake ni boti."

"Boti ipi?"

"Hiyo uliyosimama juu yake. Yote, kama nilivyoiunda. Hata rangi nitaivumilia."

Kapteni Shati akaangalia daraja, akaangalia gati lililojaa watu, akavuta mabega yake yenye dhahabu. "Hii ni mali ya ukoo, shemeji. Nitazikodi. Kodisha nanga kama unavyowakodisha wengine."

"Wengine huja dirishani kabla hawajaondoka. Huku mtoni sikodishi, nauza."

"Nusu basi. Tuwe wabia."

"Nusu tulishagawana. Mimi nilipewa ile isiyoelea."

Mvushaji akacheka, kisha akakohoa ili kukifunika kicheko chake. Mjomba, ambaye sasa alikuwa amekaa mahali pakavu na kutulia, aliona sauti yake nzito imerudi. "Mwanangu, mambo haya hayazungumzwi majini. Okoa chombo kwanza. Tutakaa nyumbani, tutaita watu, tutaona."

Bi Viwili alimtazama mzee kwa jicho la mtu anayekagua ndoo iliyotoboka. Alikuwa amemtoa hatarini bure, na bure imekwisha kumharibu.

"Sawa, Mjomba. Nyumbani ni pazuri. Mvushaji, geuza."

Mvushaji akageuza, na hakufanya mzaha. Kiboti kilikuwa kimeshaelekeza pua gatini wakati bunda la nondo lilipochomoka kabisa. Boti ya bluu ikakaa upande na kuteleza, na kivuli cha daraja kikaupanda ubavu wake. Bi Viwili hakugeuza kichwa. Kila ubao uliokuwa unakwenda kupasuka alikuwa ameushika kwa mikono yake. Na kama yule mjinga angechelewa kidogo zaidi, wote wawili wangekosa. Alilijua hilo. Ndiyo kazi ya kupatana bei, yule anayeonyesha kwamba anataka ndiye anayelipa.

"Shemeji," Kapteni Shati akaita. Sauti ilikuwa imevuliwa shati. "Ichukue."

"Sema vizuri."

"Boti ni yako. Ichukue, mama wee, ichukue."

"Mjomba?"

"Mimi nimesema tuzungumze..."

"Mjomba," akapaza Kapteni Shati kutoka kule, "tamka upesi, ukoo hauna kiboti kingine."

Mjomba akatamka kwamba boti ni ya mke wa marehemu, na hakuna wa kuja kuidai.

Mvushaji akafungua injini yote. Bi Viwili akarusha kamba, fundi akaidaka na kuifunga, naye akaisukuma nanga ya kwanza majini. Ilikuwa nzuri, pini mpya, waya mpya. Ilizama, ikaburuta, ikaburuta tena, haikushika. Chini pale palikuwa na takataka za mji mzima, na nanga ilikuwa imejifunga mifuko ya plastiki kama mgonjwa aliyefungwa bandeji. Mjomba akafumba macho. Kapteni Shati akafungua mdomo, na kwenye uso wake, katikati ya hofu, palipita raha kidogo: kumbe na yake haifai.

Bi Viwili hakumpa nafasi ya kuimaliza raha hiyo. Nanga ya pili ilikuwa imeshafungwa kamba tangu gatini, na ncha ya kamba hiyo alimrushia fundi akaifunga botini. Ilikwenda chini upande wa pili, kamba ikapita mikononi mwake ikiunguza, ikakaza, ikatetemeka. Boti ya bluu ikazunguka polepole, ikaelekeza uso wake kwenye mkondo, ikasimama. Nguzo ya daraja ilikuwa karibu kiasi kwamba fundi angeweza kuitemea mate. Akaitemea. Kisha akaingia majini na kisu chake.

Bi Viwili akapanda botini kwake. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuipapasa ile nusu ya pingu, akaikwangua rangi kwa ukucha mpaka kutu ikatokea, nyekundu, laini kama mkate.

"Niliona imepakwa," akasema Kapteni Shati. "Nilidhani nzima."

"Uliipaka wewe, shemeji."

Wavu ulipotoka injini ikawaka, wakarudi gatini na Bi Viwili akiwa kwenye usukani. Wachukuzi, wenye boti, wauza chai, wote walikuwa wamesimama ukingoni. Hakuna aliyeuliza habari za mume wa akiba. Bi Viwili akamsimamisha Mjomba mahali pa juu.

"Rudia, Mjomba. Walikuwa mbali, hawakusikia."

Mjomba akarudia akiwa ameinamia mwavuli wake.

"Wa nyuma wanasema bado."

Akarudia kwa ile sauti yake nzito, ya kugawia mashamba. Mchukuzi mmoja akasema amesikia sasa, na mwenzake akasema na mama yake nyumbani amesikia. Mzee akashuka akaenda zake bila kumuaga mpwa wake.

Jioni ile wifi zake walipeleka ujumbe kwamba amepora mali ya ukoo kwa nanga, tena kwa mtu aliyekuwa anakaribia kufa. Aliupokea ujumbe huo akiwa anakoroga chai. "Waambie aliyekuwa anakaribia kufa aliambiwa ashuke bure, akachagua kubaki kupatana," akamwambia aliyetumwa. "Mimi nilipatana naye." Kwa maoni yake lilikuwa pato safi kuliko yote aliyowahi kupata, na alilala usingizi mzuri.

Lakini kabla ya hapo, pale gatini, mkandarasi wa ng'ambo alikuwa ameshawasili kwa boti nyingine, jasho likimtoka, anataka nondo zake.

"Ziko chini, karibu na nguzo ya katikati," akasema Bi Viwili. "Zilitumbukizwa wakati wa nahodha aliyepita. Ndiye huyo hapo, mwenye shati."

Kapteni Shati alikuwa amesimama kwenye gati, viatu vimelowa, dhahabu ya begani imechomoka upande mmoja. Mkandarasi akamwendea. Mazungumzo yao yalianza kwa heshima na hayakudumu hivyo.

Bi Viwili hakuyasikiliza. Kulikuwa na saruji ya kushusha kabla haijapata unyevu, na nyuma yao boti nyingine ilikuwa inapiga honi kutaka nafasi. Alimpa fundi msumeno wa chuma akamwambia aukate mnyororo wote wa bluu, mpaka pale chuma kitakapoonekana kizima.

"Na nikikuta kote kumeoza?" akauliza fundi.

"Endelea kukata," akasema, akawaita wachukuzi waanze kushusha.